Visiwa vya Kilwa: pamoja na watu, hesabuni upepo na maji

Ndugu Mhariri,

Kila bajeti za halmashauri zinapoandaliwa, hoja ileile hurudi: visiwani watu ni wachache, fedha ziende bara kwenye watu wengi. Wenye hoja hiyo hushika karatasi ya sensa mkononi. Basi tuisome wote.

Wilaya ya Kilwa ilikuwa na watu 190,744 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakahesabiwa 297,676, ongezeko la asilimia 56, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Ukiwagawa kwa eneo la wilaya, linalozidi kilomita za mraba 13,000, hawafiki watu 23 kwa kilomita moja. Wastani huo hauonyeshi maisha ya mtu yeyote. Bara kuna msitu unaotembea siku nzima usikute nyumba, na wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Ihefu mkoani Mbeya mwaka 2006 na 2007 hawakuvusha ng'ombe kwenda kisiwa chetu cha Songosongo. Kisiwani ardhi haiongezeki, na mtoto akikua anajenga ubavuni mwa baba yake.

Wenzetu wa Mafia, watu 66,180 kwa sensa hiyohiyo, wana nafuu moja: kisiwa chao ni wilaya, chenye hospitali yake na fungu lake. Songosongo ni kata ndani ya wilaya ya bara. Gesi yake inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, na bomba, tofauti na mgonjwa, halisubiri maji yajae.

Kisha kuna suala la dago, yaani kambi ya wavuvi wanaohamia kwa msimu. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mwezi ulikuwa umebaki kipande, siku chache kabla ya kuandama. Mvuvi wa dagaa anajua maana yake: ni giza, taa zinafanya kazi, watu wako majini. Ingekuwa mbalamwezi, wangekuwa wamelala majumbani. Simlaumu karani wa sensa, maana usiku mmoja hauwezi kusema zaidi ya usiku mmoja. Kosa ni la mpangaji anayeichukua namba hiyo akaitumia miaka kumi kugawa dawa, hali idadi ya watu kisiwani hupanda na kushuka na misimu ya upepo na mwezi. Dago likijaa, dawa za malaria na za kuhara zilizopangwa kwa hesabu ya wakazi huisha kabla ya shehena nyingine.

Hospitali ya wilaya iko Kivinje, zaidi ya kilomita 25 kutoka Songosongo, upande wa kusini-magharibi. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, chombo cha tanga kinasukumwa kuelekea huko. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likishika, kuanzia Aprili hadi kama Septemba, safari hiyohiyo ni ya kupiga bisho, kwenda upandeupande dhidi ya upepo, na boti ya mashine nayo inakula mafuta zaidi na kulowesha abiria. Juu ya upepo kuna maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji yakipwa, boti inabaki mbali, na mama mjamzito anabebwa kwenye matope na mawe. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba ya boti yenye saa moja isiyobadilika haifai, hata ikibandikwa ukutani kwa wino mzuri namna gani.

Lakini linaloumiza zaidi ni maji ya kunywa, na hapo ndipo miradi huharibika kwa kutojua kisiwa kilivyo. Chini ya kisiwa cha mawe ya matumbawe, maji baridi huelea juu ya maji chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita 40 zilizo chini yake; kwenye kisiwa kidogo tabaka hilo huwa jembamba zaidi, maana bahari inalikoroga kila ikijaa na kupwa. Akija fundi wa bara na mazoea yake, anachimba kirefu na kufunga pampu ya nguvu. Pampu inashusha maji baridi kidogo tu, chumvi inapanda kwa wingi kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kurudi. Kisima cha kisiwani kinatakiwa kiwe kifupi, kipana, kichotwe kidogokidogo, na vyoo vikae mbali nacho.

Nyongeza ni mvua. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la madarasa mawili, tuseme mita za mraba 150, kwa mvua ya milimita 800 na upotevu wa humusi moja, yaani sehemu moja ya tano, ni lita 96,000 kwa mwaka. Kinachofungwa mara nyingi ni tangi la lita 5,000. Hilo linajazwa na milimita 42, mvua ya usiku mmoja ikikaza, na zinazobaki zinamwagika. Wanafunzi 200 wakinywa lita 2 kila mmoja, tangi limekwisha siku ya kumi na tatu, na kiangazi kina miezi mitano. Mfereji nao huwekwa upande mmoja wa paa, kwa hiyo hata hiyo hesabu ni nusu.

Tunachoomba si kikubwa. Mtendaji wa kijiji awe na daftari la dago, ahesabu mara mbili kwa mwaka, Februari na Julai, wiki ya giza, na zahanati iagize dawa kwa daftari hilo. Shule ya kisiwani ijengewe tangi la saruji la lita 50,000 kabla ya kuongezewa darasa, na mifereji ifungwe pande zote mbili.

Msomaji wenu,
Kilwa Masoko, Lindi