Risala kwa mgeni rasmi: watu wa kampeni ya vepu wapewe banda, tena karibu na mlango

Mgeni rasmi dada yetu, wazee wetu shikamooni, vijana mambo vipi, na nyie mliosafiri na baridi hii mpaka hapa Birmingham karibuni sana.

Kwanza tujitambulishe kidogo maana wengine leo ndo mnatuona. Sisi ni Waswahili tunaoishi huku Midlands, tupo wa Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, yupo wa Kampala na wa Bujumbura, na kilichotukutanisha sio dini wala timu ya mpira, ni kwamba wote tulikuwa wavuta sigara, wengine tangu tuko shule, na wote tumeiacha kwa kuhamia kwenye vepu, hizi sigara za kielektroniki. Tukikutana tunaelekezana mambo ya koili inayopasha moto, likwidi yaani kimiminika cha kujaza kwenye vepu, na betri, na mtu mpya akija bado ananuka sigara hatumcheki, tunakaa naye. Zikifika siku za mikusanyiko mikubwa ya vepu kama yale maonesho ya pale ukumbi wa NEC tunajipanga kwenye magari tunaenda wote, watoto tunawaacha nyumbani maana pale sio mahali pa mtoto.

Dada, tunajua uko kwenye kamati inayopanga nani apewe banda kwenye mkusanyiko wenu ujao wa vepu, na tumesikia humo ndani kuna mvutano, wapo wanaosema vikundi vya kampeni, vile vinavyowasemea watumiaji wa vepu kwenye mambo ya sheria, visipewe nafasi kwa sababu watu wanakuja kufurahi na siasa ina wenyewe. Sisi ombi letu leo ni moja. Wapewe banda, bure, na liwe pale watu wanapoingilia.

Kwa nini tunalishikilia hili, ngoja tukumbushane. Desemba 2012 Tume ya Ulaya ilitoa pendekezo la sheria mpya ya tumbaku, na ndani yake likwidi yenye nikotini zaidi ya miligramu 4 kwa mililita ilitakiwa iombewe kibali kama dawa. Miligramu 4 kwa mtu anayetoka kwenye pakiti nzima kwa siku haimtoshi kabisa, atarudi dukani kununua sigara jioni hiyo hiyo, na kibali cha dawa ni gharama ambayo mtengenezaji mdogo haiwezi. Waliosimama ni watu wa kawaida tu, waliandika barua, wakatuma imeili, wakawafuata wabunge wao wa Ulaya wakawaambia nimevuta miaka yote hii na sasa nimeacha, usininyang'anye kilichoniachisha. Tarehe 8 Oktoba 2013 pale Strasbourg bunge likapiga kura likakataa vepu zote kugeuzwa dawa. Wale watu walijuana wapi? Kwenye mitandao, na kwenye mikusanyiko kama hii yenu.

Halafu ona kilichofuata. Baada ya kura yakaja mazungumzo ya ndani kati ya bunge, tume na serikali za nchi, watu wengi wakajua kazi imeisha wakatulia, na huko ndani kikatoka kile kifungu cha 20 cha sheria hiyo ya tumbaku, chupa ya likwidi ya nikotini isizidi mililita 10, tangi mililita 2, nguvu ya nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita. Wengi wetu tulikuja kulijua dukani, mwenye duka anakwambia zile chupa kubwa basi tena, na wewe unamlaumu yeye. Kampuni ya vepu ya Totally Wicked ilikipeleka kifungu hicho mpaka mahakama ya Ulaya kule Luxembourg, tarehe 4 Mei 2016 ikashindwa. Sheria ikishapita kuitoa ni kazi nzito sana dada, wakati wa kusema ni kabla, na kabla ndo wakati ambao mtu wa kawaida hana habari.

Na haya mambo hayajaisha wala hayapumziki. Oktoba mpaka Desemba 2023 serikali hapa Uingereza ilikusanya maoni ya wananchi kuhusu sigara na vepu, yakapatikana majibu karibu 28,000. Sasa linganisha, ASH, shirika la hapa Uingereza linalopambana na sigara, walikadiria mwaka 2024 kwamba watu wazima milioni 5.6 wanatumia vepu Uingereza, zaidi ya nusu yao wameshaacha sigara. Milioni tano na ushee, na majibu yote kwa ujumla, ya madaktari, walimu, wazazi, maduka na sisi, hayakufika hata elfu thelathini! Yakatoka pale marufuku ya vepu za kutumia mara moja na kutupa iliyoanza tarehe 1 Juni 2025, ikapangwa kodi ya paundi 2.20 kwa kila mililita 10 za likwidi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, na Muswada wa Tumbaku na Vepu ulipoletwa bungeni Novemba 2024 ulikuja na mamlaka ya waziri kugusa ladha, maboksi na namna vepu zinavyopangwa dukani, pamoja na kukataza matangazo na udhamini. Udhamini dada, yaani hata hiyo mikusanyiko mnayoiandaa imo humo. Mengine humo sisi tunayakubali, la watoto tunalikubali kabisa, vepu za rangirangi kama pipi zikiuzwa karibu na shule zilitukera sisi kuliko mtu yeyote. Lakini kukubali au kukataa kunataka mtu awe na habari kwanza.

Sasa hili la watu wanakuja kufurahi. Ni kweli, na sisi tunakuja kufurahi, tunapenda kuonja ladha mpya, tunapenda kukutana na watu wanaotuelewa bila kutuuliza maswali. Ila mtu aliyekulia kwetu anajua maonesho ya biashara ya Sabasaba pale Dar yalivyo, unaenda kununua sufuria na kula mishikaki, na katikati ya wauzaji unakutana na banda la TRA, mamlaka ya kodi, unauliza swali lako la kodi lililokusumbua mwaka mzima, unapata jibu unaendelea na mishikaki yako, na hakuna aliyesema TRA wameharibu maonesho. Banda halimlazimishi mtu, anayetaka anasimama, asiyetaka anapita.

Na kuna jambo lingine ambalo linatuuma. Gazeti likija kwenye mikusanyiko yetu linapiga picha za mashindano ya mawingu, yale ya nani anatoa moshi mwingi zaidi, kijana kachuchumaa moshi umemfunika hata sura haionekani, na kesho yake mbunge anaiona hiyo picha anasema hawa ndo watu wa vepu. Hamuoni mama wa miaka hamsini aliyeacha sigara baada ya kifua kumsumbua, na yupo pale, amesimama kwenye foleni ya chai! Mwenye kumtafuta, kumsikiliza na kumuuliza kama yuko tayari kumwandikia mbunge wake ni mtu wa kampeni. Muuzaji hana muda huo, na hatumlaumu, kaja kuuza.

Kwenye mkusanyiko mmoja tuliowahi kwenda, meza ya kampeni iliwekwa nyuma kabisa karibu na mlango wa dharura, spika ziko juu ya vichwa vyao, wale watu wa kujitolea walikuwa wanapiga kelele mpaka sauti zimekauka na waliofika pale wengi walikuwa wanatafuta choo. Kuwaweka namna hiyo, afadhali kutowaita kabisa.

Sasa tufike kwenye hoja ambayo sisi wenyewe tunaiona ina uzito, ya pesa ya nani iko nyuma ya nani. Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, kifungu chake 5.3, unazitaka serikali zilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku, kwa hiyo ukienda kwa kiongozi kusema habari za vepu swali lake la kwanza ni nani kakutuma, na ana haki ya kuuliza. Mwaka 2017 Philip Morris International walitangaza watatoa karibu dola milioni 80 kila mwaka kwa miaka 12 kwa taasisi iitwayo Foundation for a Smoke-Free World, na hao ni kampuni ile ile inayouza sigara za Marlboro. Sisi tuliofukiwa mapafu na sigara zao hatutaki watusemee. Kwa hiyo tunaomba kamati iweke sharti, kikundi chochote kinachopewa banda la bure kibandike mbele kwa herufi kubwa kinaendeshwa na pesa ya nani, kama ni michango ya wanachama kiseme, kama ni ya maduka ya vepu kiseme. Chenye pesa ya kampuni ya sigara kikalipie nafasi bei kamili upande wa biashara kama biashara nyingine. Vikundi vya watumiaji wenyewe vipo, New Nicotine Alliance ni mfano, shirika la hisani ambalo mwaka 2018 lilikuwa na sauti yake kwenye kesi ya kupinga marufuku ya snus, tumbaku ya kuweka chini ya mdomo, kule kule Luxembourg. Kesi ilishindwa lakini mtumiaji alisikika mahakamani.

Na tunaenda mbele zaidi, ingawa wapo hapa ndani ambao hatukukubaliana nao kwenye hili mpaka leo. ASH nao waalikwe. Wapo tangu 1971 wanapambana na sigara, wanakubali vepu inamsaidia mtu mzima kuacha na wanabana kwenye mambo ya watoto, na utafiti wao wa 2024 ndo ulioonesha nusu ya wavuta sigara wanadhani vepu ina madhara sawa na sigara au zaidi. Waje, wabanwe maswali ana kwa ana, na wao watuambie usoni kwamba nikotini bado ni uraibu, kwa sababu ni kweli.

Sisi hatuji mikono mitupu. Tukipewa kona ya hilo banda tutatoa watu wa zamu siku zote za mkusanyiko, na tutachapisha vipeperushi vya Kiswahili kwa pesa yetu, namna ya kumpata mbunge wa eneo lako kwa postikodi, namna ya kujibu serikali inapoomba maoni, na onyo kwa wanaosafiri kwenda kwetu, maana kuna watu hawajui kwamba Uganda sheria ya 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza vepu. Kutoka kwenu tunahitaji meza, umeme, intaneti inayofanya kazi ili mtu aandike imeili yake pale pale, na spika zisogezwe.

Dada, majibu ya kamati tutayapokea yakiwa ya ndiyo au ya hapana, ila tunaomba yaje kabla ramani ya mabanda haijafungwa. Tunaomba kuwasilisha.