Kwa nini utepe wa grafini hugoma

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, na swali lako ni zito: ikiwa grafini hupitisha umeme vizuri kiasi kile, inakuwaje utepe wake mwembamba ugome kuupitisha?

Unajua grafini ni tabaka moja tu la atomu za kaboni, na elektroni hukimbia ndani yake kama hazina uzito, takriban kilomita 1,000 kwa sekunde. Kasoro yake ni kwamba haina pengo la nishati, yaani eneo la nishati ambalo elektroni haziruhusiwi kuwamo, kwa hiyo transista (swichi ndogo ya umeme) ya grafini haizimiki sawasawa. Ndiyo maana tangu wanafizikia Geim na Novoselov walipoitenga kule Manchester mwaka 2004, imesifiwa sana lakini silikoni bado inatawala kwenye vifaa vya elektroniki.

Sasa ibane iwe na upana wa nanomita moja hivi. Elektroni ni wimbi, na kati ya kingo mbili yanaruhusiwa mawimbi yanayotoshea tu, kama kwenye uzi wa gitaa. Viwango vya nishati vinaachana, pengo linafunguka, na hapo utepe unagoma.

Lakini upana peke yake hautoshi, na hapa ndipo ninapoduwaa kila mara. Chukua tepe ambazo ukingo wake una umbo la kiti chenye mikono. Hesabu safu za atomu kutoka ukingo hadi ukingo, kisha gawanya kwa 3. Ikibaki 2, pengo huwa dogo sana. Utepe wa safu 7 una pengo linalozidi la silikoni zaidi ya mara mbili. Ongeza safu moja tu, ufike 8, pengo linanywea. Safu moja ya atomu! Hakuna kifaa cha kukatia chenye usahihi huo. Kingo hutoka zimechakaa.

Waliofanikiwa ni wanakemia. Mwaka 2010 kundi la Fasel na Müllen lilitandaza juu ya dhahabu, ndani ya ombwe, molekuli zenye bromini pande mbili. Zikipashwa moto kufikia nyuzi 200 za Selsiasi, bromini hubanduka na molekuli hushikana mnyororo. Kwenye nyuzi 400 haidrojeni nayo hutoka, mizunguko inajifunga, na utepe unalala bapa: safu 7, kila mara 7.

Tepe za ukingo wa zigizaga zina mambo mengine. Elektroni hujikusanya ukingoni, na nadharia inasema spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) za ukingo mmoja huelekea upande mmoja, za ukingo wa pili kinyume chake. Zenye ukingo safi zilipatikana mwaka 2016.

Kinachonisumbua ni dhahabu yenyewe. Inapitisha umeme, hivyo utepe lazima ubanduliwe na kuhamishiwa kwenye kihami, kitu kisichopitisha umeme, bila kuharibika, kisha uunganishwe na nyaya kubwa kuliko wenyewe. Wewe ni mkemia, ungeanzia wapi? Niandikie kwa kirefu.

Wako,
Salimu