Sataranji kwenye kompyuta dhaifu: pimeni kwa saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba kwenye kompyuta ya polepole, programu ya sataranji ya ridhaa na ya kitaalamu hazipishani sana. Aghalabu kasoro iko kwenye upimaji. (Na mpaka wenyewe una utata: Stockfish, programu maarufu ya sataranji iliyochipuka mwaka 2008 kutoka programu ya Glaurung ya Tord Romstad, hujengwa na watu wanaojitolea.)

Wengi huziwekea programu zote mbili kina kimoja, yaani idadi ya hatua za kutazama mbele, tuseme 12. Lakini kina 12 cha moja si kina 12 cha nyingine. Programu iliyokomaa hukata matawi mengi ya hatua bila kuyachungulia, kisha huchimba zaidi pale mfalme anapotishwa. Changa hupekua hata takataka. Ukizifungia kina kimoja, unaipokonya ya kwanza muda ilioukoa kwa ujanja wake. Idadi ya nafasi (mipangilio ya kete ubaoni) zinazopekuliwa kwa sekunde nayo haifai kuwa kipimo, maana kila mwandishi huhesabu kivyake. Gaweni muda sawa: dakika 10 kwa kila upande, na nyongeza ya sekunde 5 kwa kila hatua. Bila nyongeza, mashine nzito hushindwa na saa kabla ya kushindwa ubaoni.

Kumbukumbu ndiyo inayoharibu zaidi. Jedwali la nafasi la Stockfish, yaani sehemu ya kumbukumbu inakohifadhi nafasi ilizokwisha kuzipekua, huanza na megabaiti 16. Kwenye mashine ya megabaiti 256 liacheni hapo, kwa programu zote mbili. Mkizidisha kuliko RAM iliyo wazi, mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski na kasi huporomoka. Zimeni pia kipengele cha kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani. Prosesa ikiwa na kiini kimoja, huo ni wizi wa muda wa mwenzake.

Tangu toleo la 12, mwaka 2020, Stockfish hupima nafasi kwa mtandao wa neva unaotegemea amri za prosesa zinazokokotoa namba nyingi kwa mkupuo. Prosesa kuukuu isiyo nazo huilemaza sana, ilhali programu ya ridhaa yenye kanuni za upimaji zilizoandikwa kwa mkono haiguswi. Mkipakua toleo la prosesa mpya, litazima papo hapo. Mkichukua la prosesa za zamani kupita kiasi, litaenda, ila polepole bila sababu, na hakuna onyo litakalotokea.

Kwenye vifaa vidogo kabisa, hakikisheni kwanza kanuni zote zimo. Programu ya David Horne ya ZX81, kompyuta ndogo ya zamani, yenye baiti 672 tu, haikujua hatua ya kusogeza mfalme na ngome kwa pamoja. Mpinzani akifanya hivyo, pambano limekwama.

Tumieni funguzi (hatua za mwanzo) mbalimbali, na kila ufunguzi uchezwe mara mbili, rangi zikibadilishwa. Bila funguzi mbalimbali, programu hurudia mchezo uleule. Na michezo 10 haitoshi: hata 100 huacha shaka ya takriban pointi 60 za Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) juu au chini.

Msomaji wenu