Malalamiko: maombi ya mama yangu yaliyobaki kwenye tiketi ya zamani

Mwanza,
4 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA DAR ES SALAAM HADI LONDON, TAREHE 17 NA 18 JUNI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni abiria wenu niliyesafiri na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 72, kutoka Dar es Salaam kwenda London kupitia kiwanja kikuu cha shirika lenu la ndege, ambako abiria hubadilisha ndege. Mama ana kisukari, anachoma insulini mara mbili kwa siku, na goti lake la kulia halimruhusu kwenda mwendo mrefu wala kupanda ngazi. Alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wake na kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua mwezi Mei.

Hali yake mliijua. Tarehe 9 Juni nilipiga simu ofisini kwenu nikaomba vitu vitatu: kiti mwendo katika kila kiwanja, chakula cha mgonjwa wa kisukari, na viti viwili vya pamoja, cha mama kikiwa cha pembeni mwa njia ili aweze kunyoosha mguu na kwenda msalani bila kumruka mtu. Kwa viti nililipa pesa ya ziada. Dada aliyepokea simu alinisomea maombi yote matatu kabla hatujaagana, na tiketi iliyokuja kwa barua pepe inayaonyesha kwa herufi zenu wenyewe: WCHS kwa abiria asiyeweza ngazi, DBML kwa chakula, na namba za viti. Nakala nimeiambatisha.

Nianze na yaliyokwenda vizuri, maana yapo na waliohusika wanastahili kutajwa. Siku hiyo tuliamka saa 10 alfajiri. Ndege ya Mwanza hadi Dar ilikuwa ya kampuni nyingine, haiwahusu. Tulipofika kaunta yenu pale jengo la tatu la Kiwanja cha Julius Nyerere, kiti mwendo kilikuwa tayari na kijana aliyekisukuma alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza kama anasikia baridi, akamsogeza mbali na kipoza hewa. Ndani ya ndege mhudumu mmoja aliinama hadi usawa wa uso wake ili asikilizwe bila kupaza sauti. Chakula chake kilikuja kabla ya cha wengine, na juu ya kifuniko kilikuwa na karatasi yenye namba ya kiti chake. Nilipoomba barafu ya kuweka kwenye mfuko wa insulini, sikuulizwa maswali. Nililetewa kwenye kikombe, na baada ya saa mbili mhudumu yuleyule akarudi kubadilisha. Mama alipewa mto wa pili akaupachika chini ya goti. Alilala. Kwa mtu aliyekuwa anaiogopa safari hii kwa mwezi mzima, zile saa tano zilikuwa raha, na mpaka leo anamkumbuka yule binti katika dua zake.

Malalamiko yangu ya kwanza ni ya kabla ya hapo. Ndege ilikuwa iondoke saa 10:25 jioni. Iliondoka saa 1:15 usiku. Ndege kuharibika naelewa, na ni heri itengenezwe chini kuliko kugundulika juu. Lakini kuanzia saa 10 hadi saa 12 na nusu hakuna mtu wenu aliyetuambia lolote. Ubao uliendelea kuandika saa ileile ambayo ilishapita. Mgonjwa wa kisukari anapanga sindano kwa chakula: akichoma akitegemea kula baada ya nusu saa, kisha chakula kikachelewa saa mbili, sukari inashuka. Nilimfuata mfanyakazi wenu mlangoni mara tatu kumuuliza tu kama tuna saa moja au tatu, nijue nimpe mama nini. Mara zote jibu lilikuwa "subirini kidogo". Tangazo lilipokuja, lilikuja kwa lugha mbili, na Kiswahili hakikuwamo, ilhali tupo Dar es Salaam na wazee wengi waliokaa pale walikuwa wanageukiana kuulizana kimesemwa nini.

Tulifika kiwanja chenu kikuu saa 6:20 usiku kwa saa za nyumbani, na ndege ya London ilikuwa imeshaondoka. Mlangoni mwa ndege kulikuwa na mtu na kiti mwendo. Alitupeleka mpaka dawati la wanaounganisha ndege, tukapewa tiketi mpya za ndege ya saa 3:30 asubuhi na vocha moja moja ya chakula. Halafu akatupeleka sehemu ya kusubiri, akasema mama ahamie kwenye benchi kwa sababu kiti kinahitajika kwa abiria mwingine, na kwamba mwenzake atatufuata.

Hakuna aliyetufuata. Tulikaa kwenye benchi la chuma lenye vigawio vya mikono, ambalo mtu hawezi kujilaza hata akitaka, kwa zaidi ya saa tatu. Vyoo vilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Nilimshika mama kwapani tukaenda, tukisimama kila baada ya hatua kumi, na begi lenye dawa likiwa shingoni mwangu kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Mama yangu ni mtu wa haya sana. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Mwanangu, tusirudi tena huku, nitajibana."

Saa 9 usiku alianza kutetemeka na kutoka jasho, na katika ukumbi wenye baridi vile nilijua si joto. Nikampima sukari: 3.4. Ikiwa chini ya 4 hapo ni hatari, hata muuguzi wa zahanati anakwambia. Vocha mlizotupa zilikuwa za mgahawa uliokuwa umefungwa mpaka alfajiri. Nilikuwa na pakiti ya juisi na biskuti nilizonunua Dar, nikampa, nikampima tena baada ya dakika 15, ikawa 4.6. Kama nisingekuwa nazo, sijui ningekimbilia wapi na kumwacha na nani.

Kulipopambazuka nilipata dawati lenye mtu na nikaomba kiti mwendo. Aliangalia kompyuta yake, kisha akaniambia jambo ambalo ndilo limenifanya niandike barua hii: kwenye safari yetu mpya hakukuwa na ombi lolote. Hakukuwa na kiti mwendo, wala chakula, wala viti vya pamoja. Kwa maelezo yake, tulipobadilishiwa tiketi usiku ule majina yetu yalihamia kwenye ndege mpya, na maombi yakabaki kwenye safari ya zamani, ile ndege ambayo ilishaondoka bila sisi. Kiti mwendo alitupatia kwa huruma yake. Kuhusu chakula alisema kinatakiwa kuombwa saa 24 kabla, na viti vya pamoja vilikuwa vimekwisha.

Naomba muisome tena hiyo sehemu, Ndugu Meneja. Mama hakubadilika ilipobadilika tiketi. Goti ni lilelile, sukari ni ileile. Aliyeandika majina yetu kwenye ndege mpya alikuwa na maombi yote mbele ya macho yake, na ucheleweshaji ulitoka kwenu, si kwetu.

Kwa hiyo mama alikwenda London kwa zaidi ya saa saba akiwa kiti cha katikati, safu ya 31, baina ya vijana wawili wasiojua Kiswahili, na mimi nikiwa safu ya 44. Nilimwomba mhudumu atusaidie kubadilishana. Alijaribu kwa watu wawili wakakataa, na siwalaumu, kila mtu alikuwa amechoka. Nilikuwa nikienda kumwangalia kila mara taa ya mikanda inapozimwa. Nilipofika mara ya tatu nikagundua hajagusa maji. Alikuwa ameamua kutokunywa ili asilazimike kuwasumbua wale vijana kwenda msalani. Nyie mnajua kuliko mimi jinsi hewa ya ndani ya ndege ilivyo kavu, na kwa nini video yenu ya usalama wa afya inamwambia abiria anywe maji na kuchezesha miguu asije akaganda damu. Mama anajua Kisukuma na Kiswahili tu; video ile haikumwambia chochote. Tulipotua Heathrow miguu ilikuwa imevimba hadi kiatu kimekataa kuingia, akatoka ndani ya ndege amevaa soksi.

Chakula alicholetewa kilikuwa wali, mkate mweupe na keki yenye sukari ya unga. Alikula wali nusu.

Begi lake moja halikufika. Nilijaza fomu ya PIR, yaani ya kuripoti mzigo uliopotea au kuharibika, palepale tarehe 18 Juni. Lililetwa tarehe 21 Juni, gurudumu moja limevunjika na mshipi umekatika. Ndani yake kulikuwa na masweta na viatu vyake vya wazi, ambavyo ndivyo pekee vingeingia kwenye miguu ile. Kuhusu uharibifu niliwaandikia tarehe 23 Juni, ndani ya siku 7 zinazotajwa na Mkataba wa Montreal wa 1999 wa safari za ndege za kimataifa, na barua hii iko ndani ya siku 21 za mzigo uliochelewa. Nilichojibiwa mpaka leo ni ujumbe wa kompyuta unaonishukuru kwa kuwasiliana nanyi. Risiti za viatu, sweta na dawa ya kupaka miguu nimeziambatisha. Ni za kawaida, hamtaona kitu cha anasa humo.

Tangu tulipoamka Mwanza hadi mdogo wangu alipomkumbatia mama pale nje ya mlango wa wanaowasili, zilipita saa 38 na nusu.

Ninaomba yafuatayo. Pesa ya viti ambavyo hatukuvikalia irudishwe, gharama zilizoko kwenye risiti zilipwe, na begi litengenezwe au lilipwe. Hayo ni madogo na naamini hayatawapa shida. Kubwa ni kwamba ofisi yenu iniandikie, kwa maneno ya kueleweka, ni hatua gani imechukuliwa ili mfanyakazi anapomhamisha abiria kutoka ndege moja kwenda nyingine, kiti mwendo chake na chakula chake vihame naye bila yeye kuomba upya. Na kwenye ndege zinazotoka Dar es Salaam, tangazo la kuchelewa litolewe kwa Kiswahili pia.

Siandiki haya kwa sababu ya hasira ya siku ile. Mama anarudi tarehe 9 Septemba, kwa ndege yenu, kwa tiketi ileile. Mimi nimesharudi Mwanza kazini na mdogo wangu ana kichanga, kwa hiyo atasafiri peke yake. Atapita ukumbi uleule usiku. Kama ndege ya kwanza itachelewa tena, hatakuwepo mtu wa kumshika kwapani wala wa kumpima sukari, na hawezi kumweleza mtu wa dawatini kilichomo kwenye tiketi yake ya zamani.

Naomba kabla ya mwisho wa Julai nipate uthibitisho wa maandishi wenye WCHS na DBML kwenye sehemu zote mbili za safari yake ya kurudi, pamoja na jina la kitengo kitakachompokea pale kiwanjani na namba ambayo mimi naweza kuipiga usiku huo na ikapokelewa.

Wenu katika kusubiri majibu,

Abiria, kwa niaba ya mama yangu mzazi
(Sahihi)

Viambatisho: nakala za tiketi ya awali na tiketi mpya, fomu ya PIR, picha za begi, risiti 4, cheti cha daktari cha mama.

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).