"Picha: Mtandao" ni mtaa gani huo?

Mhariri,

Gazeti lako nalinunua tangu linauzwa shilingi mia na hamsini na sijawahi kukuandikia hata mara moja, mmekosea mengi humo katikati nikanyamaza, nikasema nao ni binadamu. Ila ile makala ya Agosti 23, ya kumbukumbu ya biashara ya utumwa, imeninyima usingizi. Maneno sina ugomvi nayo, kijana kaandika vizuri tu. Ugomvi wangu ni ile picha.

Unaikumbuka. Mwanaume kakaa ukingoni mwa baraza, kajiinamia, anaangalia chini. Mkaandika "Mtumwa akipumzika katika soko la Mkunazini, Zanzibar", na chini yake kwa herufi za sisimizi, "Picha: Mtandao".

Mhariri, yule mtu hapumziki. Yule anaitwa Nsala, wa kijiji cha Wala, Kongo, na anachokiangalia pale chini ni mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto mdogo tu. Walinzi wa kampuni ya mpira, ule wa utomvu wa miti, iliyoitwa ABIR walimuua mtoto na mama yake kisa kijiji hakikutimiza mpira uliotakiwa, baba mtu akavifunga kwenye majani vile vilivyobaki akatembea navyo mpaka misheni ya Baringa kuwaonyesha. Mmisionari mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, akamkalisha pale barazani akapiga picha. Ilikuwa Mei 14, 1904. Sasa soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, yaani miaka 31 kabla, na Baringa na Unguja ni wapi na wapi! Halafu nikatoa miwani nikaangalia vizuri nikaona kitu kingine, mmeikata kwa chini. Ule mkono na mguu haupo. Kitu chenyewe anachokiangalia mzazi mmekikata, akabaki mtu kajiinamia tu kama anasubiri daladala, na pale palipopungua mmeweka tangazo la magodoro. Nimefanya kazi ya studio miaka 31 hapa Tanga (naona hiyo namba inanifuata), nimekata picha za watu kwa mkasi maelfu kwa maelfu, nimeshakata mpaka waume walioachwa kwenye picha za harusi kwa ombi la mwenye picha, lakini hicho mlichokifanya nyie sijawahi.

Na siyo picha ya hivi hivi hiyo. Hizo za Alice ziligeuzwa slaidi za kioo zikamulikwa ukutani kwa taa kwenye makanisa na makumbi ya Uingereza, yeye na mumewe wanazunguka mji kwa mji wanasimulia, watu wanatoka wanalia, na Chama cha Mageuzi ya Kongo kikapata nguvu mpaka mfalme Leopold wa Ubelgiji akanyang'anywa Kongo, lile shamba lake binafsi, mwaka 1908. Yaani mtu aliyelichukua Kongo kwa kisingizio kwamba anaenda kukomesha utumwa wa Waarabu, na mwaka 1887 huyo huyo akampa Tippu Tip wetu wa Zanzibar, mfanyabiashara wa watumwa, ugavana kule Stanley Falls, Kongo, amekuja kuumbuliwa na kamera. Kijana wenu angeweza kuandika ukurasa mzima kwa picha hiyo moja, na Zanzibar ingeingia bila kulazimishwa.

Kama mlitaka ya bahari yetu hii hii ipo pia. Mwaka 1868 manowari ya Uingereza, HMS Daphne, ilikamata majahazi ya watumwa, na walioopolewa walipigwa picha wamekaa sitahani, wengi watoto, mbavu unazihesabu. Ipo kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, ina mwaka, ina jina la meli. Majina ya watu wenyewe ndo hakuna aliyehangaika kuyaandika, meli ina jina wao hawana. Kwa hiyo ugonjwa wa "Picha: Mtandao" haukuanza na nyie, nakubali.

Ila nyie mmeufanya ndo kazi. Mafuriko ya Jangwani mnaweka ya mwaka juzi, namjua mpaka yule jamaa aliyebeba friji kichwani, nimemuona mara tatu sasa, miaka mitatu tofauti. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mnaweka wanafunzi wenye sare ambazo shule hiyo haipo Tanzania nzima, mabinti wenyewe sijui ni wa Ghana sijui wa wapi. Na ajali ndo usiseme, maiti ya mtu kwenye ukurasa wa mbele, familia haijaambiwa, jina hamna. Akiwa waziri anakata utepe jina lipo, cheo kipo, na aliyemshikia mkasi pia yupo.

Nisikilize nikwambie kwa nini linaniuma. Mwaka 1996 sikukuu ya Idd alikuja studio bibi mmoja jirani yetu, muuza vitumbua, kavaa doti mpya ya kanga bado inanukia duka, kambeba mjukuu wake mgongoni na mkononi kashika redio. Redio yake mwenyewe, kainunua kwa hela ya vitumbua, kadunduliza karibu mwaka. Nikamwekea stuli pembeni, redio ikakaa juu ya stuli, nikataka kupiga akanisimamisha, "ngoja mwanangu, vuta antena mpaka mwisho." Nikavuta. Picha ikatoka nzuri nikaibandika ukutani ya kwangu moja. Siku moja akaja mgeni mmoja wa shirika la misaada kusafisha filamu zake, akaiona, akaomba kopi, nikamuuzia elfu moja na mia tano. Hapo ndo kosa langu nalikiri. Baada ya miaka kama saba hivi mpwa wangu aliyekuwa anafanya kazi hotelini akaniletea kalenda, nafungua mwezi wa nane nakutana na bibi yetu. Rangi wameitoa imekuwa nyeusi na nyeupe, kanga haijulikani tena kama mpya au tambara, na pembeni maneno ya njaa na kuomba mchango. Stuli na redio wamekata. Nikampelekea mwenyewe nikijua atafoka. Akaiangalia muda mrefu sana, kavaa miwani kavua, kisha akaniuliza, "Mwanangu, redio yangu iko wapi?"

Mpaka leo sina jibu.

Ndo maana nawapenda wale waliojua kamera ni ya nani. Sojourner Truth, mama aliyezaliwa utumwani New York, alikuwa anauza picha zake mwenyewe ndogo ndogo za kadi, kakaa kwa heshima na shali yake na kazi ya kufuma mkononi, chini kaandikisha maneno kwamba anauza kivuli ili kukitunza kiwiliwili. Mwaka 1864 akasajili hakimiliki kwa jina lake, siyo la mpiga picha (mimi kama mpiga picha ingeniuma kidogo, lakini kwa yeye sawa). Frederick Douglass naye, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani akapigania ukomeshwe, alipigwa picha zinazojulikana kama 160 hivi, hakuna Mmarekani wa karne ile aliyemzidi, na karibu zote hacheki, kwa sababu katuni za wakati ule zilimchora mtu mweusi anakenua tu kama anaufurahia utumwa. Wateja wangu wa pasipoti nao hawakucheki lakini hiyo ni Uhamiaji. Sasa linganisha na mzee Renty na binti yake Delia, kule South Carolina mwaka 1850, waliovuliwa nguo mbele ya kamera ili profesa Agassiz wa Harvard apate ushahidi wa ujinga wake kwamba mtu mweusi ni kiumbe cha namna nyingine. Kamera zote zile kamera. Tofauti ni nani kaamua akae vipi, aonekane na nini, na kiandikwe nini chini yake, na hilo la mwisho, mhariri, ndo unalolipwa mshahara kulifanya.

Nashauri hivi. Kila "Picha: Mtandao" ikitokea, aliyeandika akatwe shilingi elfu mbili, na hela hiyo isinunue soda, inunue penseli. Sisi studio kila picha tuliandika kwa nyuma jina, tarehe, mahali na namba ya negativu, kwa penseli laini ya 2B, siyo peni, peni inatokeza mbele na kuharibu uso wa mtu. Mkizikosa penseli njooni kwangu Ngamiani, ninazo tatu, moja imetafunwa na mjukuu lakini inaandika.

Halafu jambo dogo. Lile tangazo la magodoro nimelipima kwa rula. Halijakatwa hata kidogo, namba ya simu ya duka ipo yote.

Fundi picha mstaafu,
Ngamiani, Tanga