Anza na Busisi kabla ya Gansu

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Masanja,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, mama naye amepata nafuu na anakusalimia. Naamini Musoma nako ni kwema.

Ile picha uliyonirushia, yenye duara jekundu na maneno "kambi ya siri ya makombora", nimeitazama sana. Sitaisambaza, na nakuomba nawe uiache hapo ilipo. Haina tarehe, haina latitudo wala longitudo. Kilichozungushiwa duara ni umbo tu, na umbo linaweza kuwa ghala, kiwanda au zizi.

Najua kilichokuvutia. Mwaka 2021 Decker Eveleth, mtafiti kijana wa California, aligundua karibu mashimo 120 ya kurushia makombora yakijengwa jangwani karibu na Yumen, mkoa wa Gansu nchini China, kwa kutumia picha za setilaiti za kibiashara. Lakini angalia alivyofika pale. Maturubai makubwa ya kupuliziwa hewa yaliyofunika mashimo yalifanana na yale yaliyokwisha kuonekana Jilantai, eneo la mazoezi la jeshi la makombora la China. Alilinganisha asichokijua na kinachojulikana. Mashimo yenyewe yalipangwa kwa mistari, moja na jingine yakiachana takriban kilomita 3. Wapo waliodai ni mitambo ya upepo. Wiki chache baadaye mtafiti mwingine, Matt Korda, akakuta uwanja mwingine wa namna hiyohiyo karibu na Hami, Xinjiang.

Sasa kumbuka na upande wa pili. Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na picha za setilaiti za Taji, Iraki, akionyesha mahandaki na magari yaliyodaiwa kuwa ya silaha za kemikali. Zile akiba za silaha hazikupatikana, na vita ilikwisha kupiganwa. Wale walikuwa wataalamu wenye picha bora kuliko zetu zote! Ndiyo maana duara jekundu linaniogopesha, Masanja. Watu hufa kwa sababu ya duara kama hilo.

Kwa hiyo tujifunze mahali tunapoweza kwenda kwa miguu. Fungua picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure, uende Kigongo. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10, na daraja la Busisi lina upana wa mita 28 na ushee, kwa hiyo utaliona kama uzi wa pikseli tatu uliovuka Ghuba ya Mwanza kwa kilomita 3. Rudi mwaka 2020 ujenzi ulipoanza, kisha uje mbele picha baada ya picha hadi Juni 2025 lilipofunguliwa. Setilaiti hupita kila baada ya siku tano hivi, ila wakati wa masika mawingu yatakunyima nyingi. Utajua mradi mkubwa unavyoonekana ukiwa bado ni vifusi na barabara za malori.

Halafu tazama magugumaji ya Ziwa Victoria. Badili rangi uweke infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, mimea igeuke nyekundu. Picha moja itakuonyesha kisiwa kisichokuwamo kwenye ramani yoyote. Inayofuata, upepo umekwisha kukisukuma kwingine. Mtu wa Ulaya mwenye picha ile ya kwanza tu angeandika "kisiwa kipya", na macho yake yasingekuwa na kosa lolote. Alichokosa ni picha ya pili.

Na kivuli usikisahau. Mwaka 2023 Warusi walichora ndege kwa rangi kwenye sakafu ya uwanja wao wa ndege za kivita wa Engels ili kudanganya wanaotazama kutoka juu. Ndege ya rangi haina kivuli.

Ukimpata aliyekutumia hiyo picha, muulize mahali ni wapi na ilipigwa lini. Akikupa, nitumie siku hiyohiyo, tuivute miaka mitano nyuma tuone kilichobadilika.

Nisalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako,
Bahati