Barua kwa mwanangu aliyetolewa mrija

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe unalia na mimi nalia, hatusikilizani.

Pole, mama. Ulikuwa na mimba, wiki zake ulishaanza kuzihesabu, lakini ilitunga kwenye mrija wa uzazi, ule unaopitisha yai kwenda kwenye kizazi, na imeondoka. Asikwambie mtu kwamba hukufiwa na kitu.

Lakini hili unalosema, kwamba madaktari walikimbilia kukata mrija, siwezi kulinyamazia. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka 26. Nimepokea wanawake walioletwa kwa baiskeli, viganja vyeupe, mapigo ya moyo yanatafutwa hayapatikani, na benki ya damu haina hata chupa moja. Tulikuwa tunachota damu iliyomwagika tumboni mwao, tunaichuja kwa shashi zilizokunjwa tabaka kwa tabaka, tunawarudishia wenyewe mishipani. Wengine waliamka. Si wote. Lile bega uliloniambia umelilalia vibaya ilikuwa damu, mwanangu. Ikijaa tumboni hupanda chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yakatokea begani. Mrija wako ulishapasuka kabla hujafika kwenye kile kitanda. Daktari aliutoa ili ubaki wewe.

Sasa unauliza: wangeuacha, ningezaa kwa urahisi zaidi? Swali hilo limepimwa. Watafiti wa Uholanzi na wenzao waliwafuatilia wanawake 446 waliokuwa na mimba mrijani, hali zao zikiwa tulivu na mrija wa pili ukionekana mzima. Wengine walipasuliwa mrija ikatolewa mimba peke yake, wengine wakatolewa mrija wote. Matokeo yalitoka mwaka 2014: ndani ya miaka 3, walioshika mimba wenyewe ikakaa vizuri ni kama 61 kwa kila 100 kwa walioachiwa mrija, na 56 kwa waliotolewa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema njia moja inaishinda nyingine. Tena walioachiwa, baadhi yao mabaki ya mimba yaliendelea kukua, ikabidi watibiwe upya.

Kwa hiyo usiulilie wa kulia, uulizie wa kushoto. Siku ya kliniki nenda na mume wako, mwombe daktari akusomee alichoandika: mrija huo ulionekanaje? Umeshikamana na kitu? Umevimba? Kama ni mzima, ujue unaweza hata kudaka yai lililotoka ovari ya upande wa pili.

Wifi yako amenipigia kuhusu yule anayeuza dawa ya kuzibua mirija. Usinywe. Usijifukize, usiweke kitu ukeni. Nasema kwa ukali kwa sababu nakupenda. Mirija mara nyingi huharibiwa na maambukizi, klamidia kwa mfano, ugonjwa wa zinaa ambao mtu anaweza kukaa nao bila dalili yoyote. Mpimwe wote wawili, wewe na mume wako, na ukionekana mtibiwe wote wawili, bila kutafutana nani kauleta. Na inawezekana kisipatikane chanzo chochote. Wengi wanaopata mimba ya namna hii hawana sababu inayojulikana.

Jambo moja nataka ulishike. Aliyewahi kutunga mimba nje ya kizazi anaweza kurudia, karibu mmoja katika 10. Siku kipimo kikionyesha mistari miwili, usingoje miezi mitatu kama wenzako. Waambie hospitali historia yako, na wiki ya 6 au ya 7 upigwe ultrasaundi ionekane imekaa wapi. Na ukisikia maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, au bega lile tena, nenda usiku huohuo, hata kama mume amesafiri.

Nitapanda basi la alfajiri Alhamisi. Ndoo ya maji usiinyanyue mpaka nifike, na ile karatasi ya kuruhusiwa hospitali usiikunje. Nataka kuisoma kwa macho yangu.

Mama yako